Kitenge Ulingoni

Watu kumi na tisa wa kanisa moja la Fort Worth walifunga siku tatu, bila kula mpaka jua lizame, ili Wilondja asianguke. Na Wilondja alikuwa ameshaambiwa tangu Jumanne kwamba ataanguka, ataanguka dakika ya ngapi, na atapigwa na nini mgongoni kabla ya kuanguka. Kiti cha chuma. Kile kiti alikuwa amekifanyia mazoezi mara nne. Hakumwambia mtu isipokuwa mke wake Élodie, na Élodie akamwambia, "Mwambie mama." Akajibu atamwambia, akaingia kuoga.

Kosa lilianzia hapo bafuni. Msimtafute mchawi.

Wala msidhani Wilondja alikuwa mtu wa vituko. Kwa miaka mitatu alicheza sumo, ile mieleka ya Wajapani, katika gereji ya nyumba moja kule Lewisville, chini ya mzee mmoja mstaafu aliyeitwa Tamura. Wilondja alikuwa na kilo mia moja hamsini na nane, na pale gerejini kwa mara ya kwanza tangu afike Marekani hakuna aliyemcheka kwa ajili ya uzito huo. Kabla ya kushikana mnachuchumaa, mnatazamana, mnagusa chini kwa ngumi. Mwenzako akitoka nje ya duara, unampa heshima yake na yeye anakupa yako. Alipata medali mbili na hakupata hata senti. Kisha goti likaharibika, mzee Tamura akauza nyumba akaenda kukaa kwa binti yake, na mtu mmoja wa Houston, Bosi Kurt, akampigia simu. Alikuwa na kampuni ya mieleka ya maonyesho. Alisema amemtafuta mtu wa umbo lile mwaka mzima.

Basi Jumamosi moja ya Machi 2019 kanisa likapanda mabasi madogo mawili kwenda Houston, saa nne na nusu barabarani, na sufuria za wali na sombe, yale majani ya muhogo, nyuma ya viti, kwa sababu walikubaliana watafungua mfungo Wilondja akishashinda. Ukumbi wenyewe zamani ulikuwa duka la fanicha. Mama Wilondja aliketi safu ya tatu, mgongo wima, kitenge cha njano chenye ndege wa kijani kiunoni. Alikuwa na miaka hamsini na tisa na alikuwa anakunja mashuka katika dobi la hospitali. Alikuwa hajawahi kumwona mwanawe akishindana, kwa sababu sumo aliona haya kwenda: wanavaa mkanda tu, makalio nje.

Saa kumi alasiri taa zikapunguzwa. Wilondja akatoka akiwa na mnyororo shingoni, akivutwa na mtu mwenye kofia ya mwindaji. Kiunoni alikuwa na ngozi ya chui ya plastiki. Walimpaka mafuta mpaka akang'aa. Mtangazaji akapaza sauti kwamba huyu ni Jungle Sumo, amekamatwa msituni Kongo, hajui lugha yoyote ya binadamu, na akina mama washike watoto wao. Na Wilondja, mtu anayesema Kibembe, Kiswahili, Kifaransa, Kirundi na Kiingereza, akanguruma. Ndivyo mkataba ulivyosema. Asitamke neno, angurume tu.

"Anasema nini yule?" Mama Wilondja aliuliza.

Pasta Egide, aliyeketi karibu naye, alijua Kiingereza vizuri. Aliangalia viatu vyake.

"Wanamsifu, mama. Wanasema ametoka mbali."

"Na ule mnyororo?"

"Ni mapambo."

Aurore, binti wa Wilondja, miaka tisa, akamtazama pasta kwa mshangao. "That's not what he said," alisema. Élodie akambana mkono.

Mpinzani alikuwa kijana mweupe mwenye suruali ya nyota. Walishikana, wakarushana, Wilondja akanguruma tena, watoto wa ukumbini wakamzomea na kumtupia bisi. Kanisa likaanza kuimba. Watu walidhani nyimbo zile nazo ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi kwa mdundo. Mama Godelieve, Mrundi, kiongozi wa kwaya, ndiye aliyekuwa na sauti kuliko wote, "Bwana mshike! Bwana mshike!" mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha mwamuzi akageuka kufunga kamba ya kiatu, makusudi kama walivyopanga, na kijana wa nyota akachukua kiti cha chuma chini ya ulingo akampiga nacho Wilondja mgongoni.

Mlio ule ulisikika mpaka mlangoni. Wilondja akaanguka kifudifudi. Kijana akainua kiti tena.

Sasa, kwa ukoo wa Mama Wilondja, kule Fizi, Kongo, walikotoka, kuna jambo moja ambalo hata mlevi analijua. Mtu akiwa chini na mwanamke mzee akamtupia kitenge chake, ugomvi umekwisha. Hakuna mkono unaoinuka tena. Anayempiga mtu aliyefunikwa amempiga yule mama, na amempiga tumbo lililomzaa yeye mwenyewe. Hawajadiliani jambo hilo, ni kama kutoingia na viatu kitandani.

Mama Wilondja alikuwa ameshafika. Mlinzi hakumzuia, alimwona mzee wa vitenge akadhani ni wa mchezo. Alipita chini ya kamba ya kwanza kwa magoti, kichwa kimefunuka, akakifungua kitenge kiunoni akabaki na gauni, akakitupa juu ya mgongo wa mwanawe. Akasimama juu yake, miguu huku na huku, mikono wazi.

"Imetosha!" alipiga kelele. "Ameanguka! Aliyeanguka hapigwi! Wewe nawe umezaliwa!"

Yule kijana akabaki na kiti hewani. Hakufundishwa hiyo. Akakishusha.

Ukumbi mzima ukacheka. Si kicheko kidogo. Watu walisimama juu ya viti, simu juu, wanapiga video, wanalia kwa kucheka, kisha wakaanza kuita kwa pamoja, "Mama! Mama! Mama!" Na chini ya kitenge Wilondja akasema kwa sauti ya chini, "Mama, toka. Utaniharibia kazi." Mama alimsikia vizuri. Akadhani kiti kimemgusa ubongo.

* * *

Nyuma ya jukwaa palikuwa na korido yenye mashine ya barafu. Wilondja alikaa kwenye kreti, mnyororo ungali shingoni, na mama yake akampapasa mgongo mfupa kwa mfupa.

"Umeumia wapi?"

"Sikuumia, mama."

"Nimeona kwa macho yangu."

"Kile kiti kinalia tu. Anakipiga bapa. Tunafanyaga mazoezi."

Mkono wa mama ukasimama. "Mazoezi ya kupigwa?"

"Ni show, mama. Sisi wote ni wafanyakazi. Yule kijana ni rafiki yangu, amenipa maji yake asubuhi."

"Kwa hiyo ulijua utaanguka?"

"Nilijua."

"Tangu siku gani?"

Wilondja alimtazama mke wake. Élodie akatazama mashine ya barafu.

"Tangu Jumanne."

Mama Wilondja hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. "Sisi tulianza kufunga Jumatano," alisema. "Mama Godelieve ana sukari. Daktari alimkataza. Alifunga."

Hapo Bosi Kurt akaja, anapiga makofi, macho yamemtoka kwa furaha. Alimkumbatia Mama Wilondja bila kuuliza, akamwinua kidogo kutoka sakafuni. Alisema maneno mengi. Miaka kumi na minane katika biashara hii hajawahi kuona ukumbi ukisimama hivyo.

"Anasema nini?" Mama Wilondja aliuliza.

"Anasema umefanya vizuri."

"Nimefanya nini?"

Wilondja hakutafsiri swali hilo. Bosi Kurt akamwekea mama mkononi fulana yenye picha ya mwanawe akitoa meno, akasema anataka arudi mwezi wa tano, onyesho kubwa, afanye vilevile. Vilevile kabisa, na kitenge kilekile. Mama Wilondja aliipokea fulana kwa mikono miwili kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Jumatatu yake aliipigia deki jikoni.

Nje, kwenye maegesho, kanisa lilikula wali na sombe baridi kimyakimya, wengine wamesimama. Mama Godelieve ndiye aliyevunja kimya, kijiko mkononi.

"Mimi nimemlilia Mungu juu ya uongo," alisema. "Siku tatu. Mwili wangu unatetemeka mpaka sasa. Siwezi kusahau hii."

* * *

Video ilienea wiki iliyofuata. Kufika Alhamisi ilikuwa imetazamwa na watu wengi kuliko wakazi wote wa Fort Worth, na walioiweka waliandika chini yake vichekesho ambavyo Aurore alivisoma vyote na hakumtafsiria bibi yake hata kimoja. Shuleni wavulana walimtupia sweta zao wakipiga kelele za nyani. Aliporudi nyumbani aliketi mezani. Alikula, akaosha sahani yake, akamwomba mama yake amhamishie shule nyingine.

Na kule dobini msimamizi wa zamu, kijana wa miaka ishirini na tano, alijilaza sakafuni mbele ya mikokoteni ya mashuka machafu. "Cover me, Mama! Cover me!" Wenzake wakacheka. Mmoja akatoa simu. Mama Wilondja alisimama na shuka mikononi. Alikuwa anaijua kazi hiyo kwa miaka mitano, hajachelewa hata siku moja. Walingoja. Alilikunja lile shuka mara nne, akaliweka juu ya mengine, akachukua jingine. Yule kijana akainuka akijifuta vumbi, akamwambia asiwe hivyo, ni utani tu. Kila mtu aliyemdhalilisha mama huyu mwaka ule alimwambia kwamba ni utani tu.

Jumapili jioni Pasta Egide akaja nyumbani. Aliketi kwenye sofa, akakunywa chai yote, akasifu mandazi.

"Mama, mimi nimeomba juu ya ile jambo," alisema. "Wakati mwingine Mungu anafungua mlango kwa namna yenye hatutazamii."

"Mlango gani?"

"Ule wa Houston. Bosi amepiga simu hata kwangu. Anasema kanisa zima likuje tena, tuimbe. Atatoa sadaka kwa ajili ya vyombo vya kwaya."

"Pasta, siku ile uliniambia wanamsifu."

Pasta aliweka kikombe chini polepole. "Nilikuwa nalinda moyo wako."

"Moyo wangu haukukupa kazi hiyo."

Aliondoka bila kuomba sala ya kuagana. Ilikuwa mara ya kwanza katika nyumba ile.

* * *

Wilondja alimwomba mwenyewe siku ya nne baada ya pasta kuja. Alisubiri Aurore alale, akazima televisheni, akavuta kiti karibu na mama yake aliyekuwa anachambua maharagwe mezani. Kiti kililia chini yake.

"Mama, nisikilize mpaka mwisho. Bosi anasema bila wewe hana haja na mimi. Watu hawakuja kuniona mimi. Wanaandika mama tu, mama tu. Ukikuja mara moja kwa mwezi, ananipa mkataba wa mwaka, ninaacha kazi ya ghala. Unajua matairi yale ninabeba namna gani na hili goti."

"Najua."

"Alors, ni dakika mbili tu. Unapanda, unatupa kitenge, unasema chochote. Hawasikii hata maneno."

"Ndiyo. Hawasikii."

"Mama, juu ya nini unafanya ngumu?"

Mama Wilondja alitoa jiwe kwenye maharagwe akaliweka kando. "Mimi nimetupa kitenge mara mbili maisha yangu yote. Ya kwanza kule kambini, tulipokuwa wakimbizi, juu ya baba yako. Wale wenye fimbo walikuwa watano, na hawakutujua, na walikuwa wamekunywa. Waliweka fimbo chini. Hakuna aliyecheka, Wilondja. Ya pili ni juu yako. Ile ilikuwa ya kweli, hata kama wewe ulikuwa wa uongo. Sasa nikitupa ya uongo kila mwezi, siku ya kweli nitatupa nini?"

"Hapa hakuna siku ya kweli! Hapa ni Texas! Kila mtu hapa anacheza. Bosi wangu wa ghala anacheza kunipenda, mimi ninacheza kumsikiliza. Kodi haijali heshima, mama!"

"Usinipigie kelele."

"Sikupigii! Mimi ndiye navaa ngozi ya chui! Mimi! Natoa meno mbele ya watoto wa watu kama mbwa, sijasema hata siku moja kwamba nimechoka, na wewe naomba dakika mbili unaniletea habari za kambi!"

Élodie alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya hoteli, viatu mkononi. Siku hiyo alikuwa ametandika vitanda thelathini na viwili. Mama Wilondja alimtazama, kwa maana siku zote huyu mkwe ndiye aliyekuwa upande wake.

"Ni dakika mbili, mama," Élodie alisema. Akaenda chumbani.

Yule mzee akachambua maharagwe mpaka yakaisha. Wilondja alibaki pale akisubiri, mikono yake mikubwa juu ya meza kama ya mtu aliyekuja kuomba kazi.

* * *

Bosi Kurt alipoambiwa mama amekataa, hakukasirika. Alicheka. Alimwambia Wilondja kwa simu kwamba hakuna shida, atafute mama mwingine. Huko kwenu si mnao wengi? Awe mnene kidogo, avae zile nguo. Nani atajua?

Wilondja alikuwa ndani ya gari nje ya ghala, chakula cha mchana mapajani. Angeweza kusema hapana. Kazi ya ghala alikuwa nayo, kodi ya Aprili ilikuwa imelipwa, hakuna mtoto aliyekuwa anakufa njaa nyumbani. Alinyamaza sekunde tatu, pengine nne, na ninazitaja kwa sababu ndizo pekee alizompa mama yake. Kisha akasema anamjua mmoja mwenye sauti kubwa.

Mama Godelieve alitaka abembelezwe, akabembelezwa. Mume wake Vénant alikuwa nyumbani kwa miezi mitatu na mgongo ulioharibikia kiwandani. "Mimi nilisema sitasahau na sijasahau," alimwambia Wilondja. "Lakini nikikataa mimi atamchukua Mkenya. Si kweli? Basi pesa iende kwa Wakenya?" Akauliza kama atalipwa siku ileile. Akauliza pia kama inabidi alie, kwa sababu kulia anaweza.

Ikabaki kitenge. Bosi alitaka kilekile cha njano chenye ndege wa kijani, watu wakijue kutoka kwenye video. Wilondja hakuthubutu kukigusa. Mama Godelieve akampigia simu Élodie, wanawake kwa wanawake, akamwambia kitarudi Jumapili kabla hata mwenyewe hajakikumbuka. Ijumaa usiku, kesho yake onyesho la mwezi wa tano, Élodie alikitoa kwenye kabati la mama mkwe wake, chini ya shuka ambalo yule mama mwenyewe alilikunja, akakitia kwenye mfuko wa duka la vyakula. Alikitia haraka na hakukitazama. Baadaye alisema alidhani ni nguo tu, na alisema hivyo mara nyingi mno.

Jumamosi asubuhi Mama Wilondja alitaka kukivaa kwenda kumwona mzazi mmoja aliyejifungua.

"Élodie, umeona kitenge changu cha ndege?"

"Labda kiko kwenye mashine, mama."

"Sijakifua."

"Mimi nimefua juzi. Labda nilikichanganya."

Akashuka ngazi kwenda chumba cha mashine za kufulia, kile kinachotumiwa na wapangaji wote. Kulikuwa na mashine sita. Alifungua moja baada ya nyingine, akiinua nguo za watu kwa vidole viwili na kuzirudisha. Kwenye ya tano mwanamke mmoja wa jengo la pili akaingia na kikapu. Akamwona mzee mweusi ameingiza mkono kwenye nguo zake. Alimpigia kelele ya mwizi. Mama Wilondja alijua neno hilo la Kiingereza, ni mojawapo ya maneno ya kwanza wanayokufundisha bila darasa. Alijaribu kueleza, "My cloth, my cloth," na mwanamke akapiga picha ya uso wake akasema ataipeleka ofisini. Alipanda ngazi akishika ukuta. Élodie alikuwa dirishani, alisikia yote, na alikuwa anajua kitenge kiko wapi, na hakufungua mdomo.

* * *

Aurore ndiye aliyekiona. Alasiri alikuwa amelala zuliani na simu ya mama yake, maana onyesho lilikuwa linarushwa moja kwa moja, na mtoto ni mtoto, alitaka kumwona baba yake hata kama anaona haya.

"Bibi," aliita. "Bibi, come here. Your kitenge's on TV."

"Zima hiyo," Élodie alisema kutoka jikoni.

"But that's not Bibi. Why's everybody saying it's Bibi?"

Mama Wilondja aliichukua simu akavaa miwani. Mama Godelieve alikuwa anapita chini ya kamba. Na alifanya vizuri, hilo lazima lisemwe, alifanya vizuri kuliko mwenyewe. Alipanda polepole ili kamera zimpate. Alikizungusha kitenge kichwani mara tatu kabla ya kukitupa. Alipiga magoti, akatetemeka, akalia machozi halisi, akaweka mikono mbinguni kama anavyofanya kwenye kwaya, na ukumbi ukaita mpaka sauti ikakwaruza ndani ya simu. Mtangazaji alisema huyu ndiye mama mzazi wa lile jitu, ametoka msituni kumfuata mwanawe.

Yote hayo Mama Wilondja angeyavumilia. Kisha Wilondja akainua kichwa chini ya kitenge, akamshika Mama Godelieve mguu kwa mikono miwili. Alikuwa amekatazwa kusema neno lolote. Siku hiyo walimruhusu neno moja.

"Mama!" alilia. "Mama!"

Mama Wilondja alimrudishia Aurore simu. Akavua miwani, akaikunja. Élodie alikuja akapiga magoti palepale zuliani, akaanza kusema nisamehe, nilidhani, nilidhani, na mama mkwe wake akamwambia chungu kinaungua.

* * *

Wilondja alilala Houston, akafika nyumbani Jumapili saa saba mchana. Alinyoa njiani. Alikuwa na mkataba wa mwaka mmoja mfukoni, na begani ule mfuko wa duka la vyakula. Barabarani kutoka Houston alikuwa ametunga maneno ya kusema, na maneno yenyewe hayakuwa mabaya.

Akakuta meza imetandikwa kile kitambaa cheupe kinachotolewa kwa wageni tu. Kulikuwa na ugali, ndagala, sombe, na glasi ya maji juu ya kisahani. Mama yake hakwenda kanisani siku hiyo. Alikuwa amevaa gauni la kushonwa na kilemba. Alisimama alipomwona, jambo ambalo mama hamfanyii mwanawe.

"Karibu, baba," alisema. "Karibu kiti. Pole na safari."

"Mama, mimi nataka kusema..."

"Keti kwanza. Mgeni hasemi akiwa amesimama."

Aliketi. Mama yake akaleta beseni na birika, akamnawisha mikono, akiinama, bila kumgusa, kama anavyonawishwa mchungaji aliyetoka mkoa mwingine. Élodie alisimama jikoni na mwiko. Aurore akatazama mmoja, akatazama mwingine.

"Umetoka Houston?" Mama Wilondja aliuliza.

"Mama, tafadhali."

"Mama yako hajambo?"

Wilondja alifungua mdomo. Mtu wa lugha tano hakupata neno hata katika moja.

"Tulimwona jana kwenye simu," Mama Wilondja alisema. "Anakupenda sana. Watu wote wameona." Akamsogezea ugali, sehemu ya juu, laini, ile ya mgeni. "Kula, baba, chakula kinapoa. Na ukirudi kwake, msalimie."